Pikipiki haifii mlimani, inafia mteremkoni

Jumamosi jioni nimekaa barazani na kikombe changu cha chai, kijana wa jirani akaingia getini anasukuma DT, ile pikipiki ya Yamaha. Anasukuma, haendeshi. Matope mpaka magotini na uso wa mtu aliyetoka msibani.

"Shikamoo dokta. Mjapani amekufa."

Marahaba. Amefia wapi? Akasema anatoka Uru Shimbwe, kule juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kapanda vizuri, mlima wote haikulalamika. Wakati wa kushuka, akiwa karibu kuikuta lami, akaongeza resi kidogo ili ampite mama mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe. Tairi la nyuma likakamata ghafla, pikipiki ikaserereka. Mungu tu. Sasa kiki haishuki hata uipande kwa miguu yote miwili.

"Ni za zamani hizi, dokta. Zimechoka."

Hapo ndipo aliponikera. Maana nyuma yake, chini ya mparachichi, ilikuwa imesimama DT yangu, ambayo ni mzee kuliko yeye. Niliinunua mnadani, mradi ulipofungwa wakawa wanauza hadi viti. Ilikuwa na taa moja iliyovunjika na panya ndani ya siti. Leo inabeba tangi la naitrojeni, mbegu za ng'ombe zikiwa kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na mimi mwenyewe ambaye si mwepesi, kutoka mjini hadi Kibosho juu, masika na kiangazi. Ng'ombe akionekana na joto asubuhi namhamilisha jioni. Nikikwama Umbwe na plagi mkononi, mfugaji anasubiri siku 21 nyingine, na maziwa ya ada ya shule yanasubiri naye. Kwa hiyo mtu asiniambie kuhusu uzee. Mimi nalipwa na huo uzee.

Nikaiangalia yake. Jamani, ilikuwa imependeza. Ekzosi mpya ya kelele, ile ambayo ukiwasha Majengo wanakusikia Pasua. Taa nne za LED. Stika za moto ubavuni, kana kwamba moto ni kitu cha kutamani kwenye pikipiki. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Halafu nikainama upande wa kulia wa injini, pale pampu ya oili inapokaa, nikakuta kipande cha bati kimebandikwa kwa silikoni.

"Pampu iko wapi?"

"Fundi aliitoa. Alisema inasumbua, nichanganye oili mwenyewe kwenye tangi la petroli."

Basi. Hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kuna ugonjwa vijiweni hapa Moshi, na umeenea: ukileta tu-stroki yoyote, yaani injini kama ya DT inayochoma oili pamoja na petroli, kabla fundi hajaigusa anakwambia toa pampu. Sababu yake eti pampu ikifa bila wewe kujua, injini inakufa nayo, lakini ukichanganya mwenyewe una uhakika. Inaingia akilini, nakubali. Tena nakubali bila kupenda kwamba wanaoshindana mbio huzitoa, na kwamba mtu wa huko chini kwenye miwa ya TPC au Kahe, anayekwenda tambarare siku nzima na resi imefunguka, anaweza kuchanganya mpaka azeeke na asipate shida.

Lakini sisi hatuishi tambarare! Mji wenyewe uko mita mia nane na kitu, lango la Marangu liko juu ya 1,800, na kila aliyepanda lazima ashuke. Sasa fikiria unachofanya unaposhuka. Gea ya pili, resi umefunga kabisa, unaiachia injini ikuzuie. Gurudumu ndilo linaloizungusha injini, na linaizungusha kwa kasi. Kwenye tu-stroki iliyotolewa pampu, oili inaingia ndani ikiwa imebebwa na petroli. Umefunga resi, petroli inayopita ni tone. Tone la petroli, chembe ya oili. Pistoni inapanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika karibu kavu, kilomita baada ya kilomita, na wewe huku unafurahia upepo. Halafu unakutana na mama wa majani, unafungua resi, moto unawaka ndani ya silinda isiyo na utelezi. Kwaheri.

Ile pampu waliyoibandikia bati inazungushwa na injini yenyewe. Ina waya unaotoka kwenye resi, kwa hiyo ukifungua inaongeza, ukifunga inapunguza. Inapunguza, haikati. Injini ikizunguka, nayo inazunguka, inadondosha kidogo kidogo hata resi ikiwa imefungwa. Yamaha walianza kuweka pampu hizi miaka ya 1960, na hawakuziweka kwa urembo. Kwa mtu anayeshuka kutoka Shimbwe kila siku, hicho ndicho kifaa cha mwisho kabisa cha kutoa. Ni kama kuona matuta ya Njiapanda yanakuchosha, ukaamua kung'oa breki.

Ndiyo, pampu inasumbua. Bomba likiingia hewa lazima uitoe hiyo hewa. Tangi la oili likikauka hakuna atakayekupigia simu. Ile gia yake inakula meno. Lakini kuangalia bomba jembamba linalopitisha mwanga ni kazi ya kila asubuhi, inachukua muda wa kumeza mate. Huyu kijana yeye alikuwa anapima kwa macho. Lita moja ya petroli inataka mililita 25 ukichanganya moja kwa arobaini. Yeye "kidogo hivi, dokta, mpaka rangi ibadilike." Na oili gani? Ile ya gari, ya SAE 40, kwa sababu bodaboda karibu zote siku hizi ni foo-stroki na maduka mengi hayaweki nyingine. Ile ya tu-stroki mimi naipata kwa wauza misumeno ya injini ya kupasulia mbao. Nimewahi kukosa nikaahirisha safari, na sikufa.

Kama tayari umeshatolewa pampu na huna namna, angalau ukishuka usifunge resi moja kwa moja. Kila baada ya muda kidogo ifungue kidogo, injini ilambe. Na tumia breki, ndiyo kazi yake.

Tukafungua silinda siku ya Jumatatu kwa Meku, fundi wangu, mzee anayeongea maneno kumi kwa siku na sita kati ya hayo ni "lete spana namba kumi". Pistoni ilikuwa na michirizi mirefu upande wa ekzosi. Meku akaishika, akaigeuza, akamtazama kijana, akairudisha mezani. Hakusema kitu. Ningelipia kuona tena ule uso.

Halafu akafanya jambo ambalo sijaona kijiwe kingine wakilifanya. Baada ya silinda kuchongwa upya na pistoni ya saizi inayofuata kuwekwa, aliziba mdomo wa ekzosi na wa kabureta kwa mpira wa tyubu, akaingiza mpira mwembamba, akapampu kwa pampu ya baiskeli, polepole sana, kisha akapaka povu la sabuni kila mahali. Upande wa sumaku povu likaanza kutoa mapovu makubwa kama ya mtoto anayeoga. Sili ya krenkishafti, kile kipira kinachozuia hewa isipenye kwenye injini, ilikuwa imepasuka. Hiyo inavuta hewa isiyopitia kabureta, mchanganyiko unakuwa mwepesi, hewa nyingi petroli kidogo, silinda inachemka. Hata pampu angekuwa nayo, huenda ingemchelewesha tu. Sili! Kipira ambacho bei yake haifiki hata ya moja ya zile taa zake nne. Ukinunua tu-stroki ya mtumba, badilisha sili zote mbili kabla hujabadilisha chochote kingine, hata kama mwenye nayo anaapa kwa jina la mama yake.

Filta ya hewa nayo. Yake ilikuwa kipande cha godoro. Sina la kuongeza.

Kuhusu jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli: watu wa juu kule, Mwika na Rombo, wanajua kwamba ukipanda hewa inapungua, karibu sehemu moja ya kumi kila mita elfu, injini inaanza kukohoa na plagi inakuwa nyeusi. Wanaweka jeti ndogo, inakimbia kama swala. Halafu siku ya soko wanateremka Himo na jeti ileile, kwenye hewa nzito na joto, petroli inakuwa haba na pistoni inaungua. Mimi jeti yangu ni ya mjini, nikifika juu inakohoa kidogo, naivumilia. Plagi nyeusi naifuta kwa kitambaa. Pistoni haifutiki.

Nisionekane napinga kila kitu kipya. Spoketi ya nyuma nimeongeza meno matatu, na tangu hapo sishuki tena kusukuma pale kwenye mawe ya Kibosho. Keria nimeichomelea upya kwa chuma cha duara. Na taa, sawa, kwenye taa kijana kanishinda: mfumo wangu wa volti 6 ulikuwa unatoa mwanga wa kibatari, nikabadili koili na kuweka wa 12. Nne bado ni nyingi. Moja inatosha kumwona ng'ombe barabarani.

Ile ekzosi yake Meku ameitoa, amesema itarudi siku kijana akijua kuisetia kabureta. Kijana amenuna siku mbili, jana kaja kuniuliza mambo ya bomba la oili, hewa inatolewaje. Tatizo ni kwamba pampu yenyewe haipo. Yule fundi wa kwanza aliiuza kwa kilo, pamoja na vyuma chakavu. Meku ana mwili wa pampu moja kwenye kopo la kimbo, lakini gia yake imeliwa. Kama una DT iliyokufa nyuma ya nyumba, huko Machame au hata Usa River, kuku wamelalia, tafadhali usiiuze kabla hatujaja kuitazama. Tukipata gia tu, tunaunganisha.