Jogoo Alikuwa Tayari Kwapani

Kwa kuwa jamaa yangu ameshaisambaza habari yangu ya sheli kwenye magrupu matatu, likiwemo la ukoo, acheni na mimi niseme yangu. Si kweli kwamba niliokoa jogoo nikamwacha mama mkwe. Jogoo alikuwa tayari kwapani. Hapo ndipo jamaa anapopotosha.

Kigari changu cha mwaka 1997 kimenuka petroli miezi miwili. Fundi nilimwambia mara tatu. Ya kwanza akanijibu gari zee lazima linuke, kama babu na dawa ya kuchua. Ya pili akalipaka tangi sabuni ya mche. Ya tatu akachungulia uvunguni, akaona tone: "Bosi, hayo maji ya AC." AC yangu ilikufa 2019. (Na nikamlipa. Msiniulize.)

Jumamosi nikampokea mama mkwe stendi ya Magufuli, Mbezi, katoka Korogwe na jogoo wake. Tulipofika Kimara nikaingia sheli. Siku zote naweka ya elfu kumi, lakini mkwe yuko kiti cha mbele, unafanyaje? Nikakohoa kibosi: "Dada, jaza tenki."

Kumbe ule mpira unaoteremsha mafuta tangini ulikuwa umekauka, umepasuka upande wa juu. Ya elfu kumi hupita chini chini, ufa hayaufikii. Tangi likijaa sasa...

Mama akasema, "Mkwe, mtoe nje huyu, joto litamuua." Nikashuka na jogoo. Kwapani, mnaona? Chini nikasikia cho-cho-cho, na ile harufu. Sikutaka mkwe ajue nimempakiza kwenye bomu, nikamwinamia yule dada sikioni, kwa adabu zote: "Dada, nadhani kuna kauvujaji kadogo."

"UNASEMAJE KAKA? PETROLI INAVUJA?"

Bodaboda wakatupa pikipiki. Miguu yangu ikaondoka bila kuniaga. Nikapita bango la bei. Nikampita muuza mahindi. Nikaruka mtaro, mtaro mpana huo, siwezi kuuruka tena hata kwa kulipwa. Ng'ambo ya mtaro ndipo nikakumbuka kwamba mlango wa mkwe hufunguka kwa nje tu.

Nikageuka polepole. Mama ametulia kitini, mkoba mapajani, ananitazama kupitia kioo. Hapigi kelele. Hagongi mlango. Ananitazama tu, kisha anamtazama jogoo, kisha mimi.

Jogoo akawika. Wakristo hapa mmenielewa.

Nilipofika, yule dada ameshamfungulia. Nikajitia ushujaa, nikashika ufunguo niliondoe gari, nikachapwa mkono: "Usiwashe! Unataka cheche?" Wakamwaga mchanga, gari likasukumwa kwa mikono, mpira mpya na klipu zake elfu ishirini na tano, basi. Fundi kapiga jana kuuliza AC inaendeleaje.

Jogoo kachinjwa Jumapili. Firigisi kapewa jamaa yangu, aliyekuja eti kutoa pole. Mimi baba mwenye nyumba nimewekewa shingo.