Nipe za Elfu Moja

Cherehani yangu iko barazani kwa duka la dawa, hapa Busia upande wa Uganda, karibu kabisa na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Kodi ya baraza ni nafuu, ndiyo maana sihami. Hasara yake ni kwamba sikio halina mlango. Najua nani ana bawasiri, nani hakulala kwa kikohozi, na mume wa nani amerudi kutoka Juba na zawadi ambayo mke hakuiagiza. Wala sijauliza mtu. Watu wa mji huu wakija kununua dawa hunong'ona kwa sauti ya mnadani.

Na hakuna anayekuja kusema anaumwa nini. Mtu anakuja kwa musawo, ndivyo tunavyomwita mganga wa dukani, na oda kamili.

"Musawo, nipe zile za rangi mbili."

"Nyekundu na njano?"

"Aa, si hizo. Zile nyingine, zina weusi kidogo. Ndizo damu yangu imezizoea."

Mimi ndiye fundi cherehani, lakini wanaochagua rangi ni wateja wa jirani. Huyo musawo mwenyewe ni binti mdogo, mpole, kazi yake kubwa ni kuhesabu. Mteja akishakubaliana naye kuhusu rangi, linakuja lile neno ambalo nikifa nitalisikia kaburini: "Nipe za elfu moja."

Hapo binti anatoa kichwa dirishani. "Fundi, niazime mkasi."

Mkasi wangu, jamani! Mkasi wa kukatia kitambaa, niliounoa kwa pesa yangu, unakwenda kukata karatasi za bati za vidonge. Ukirudi unatafuna kitambaa badala ya kukata. Na anavyokata, ile tarehe ya mwisho wa matumizi inabaki kwenye kipande cha dukani. Mteja anaondoka na vidonge visivyo na umri, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari la mtoto wa shule. Juzi mzee mmoja alipewa flajili ndani ya hesabu za darasa la tano. Hesabu zenyewe zilikuwa na mkasi mwekundu wa mwalimu, ile alama ya X, kila mstari.

Sasa tupige hesabu zetu. Kidonge mia mbili, elfu moja ni vidonge vitano. Binti yangu anasomea uuguzi, na anasema amoksilini, zile nyekundu na njano za kuua bakteria, kwa mtu mzima huandikwa mara tatu kwa siku, siku tano au zaidi. Hivyo ni vidonge kumi na vitano kwenda juu. Mtu na vitano vyake anameza vitatu leo, viwili kesho, kesho kutwa homa imeshuka, huyo amerudi mpakani kubeba magunia. Ukiniletea kitambaa cha kaptura ukataka suruali nitakwambia hakitoshi, na utanielewa. Dukani humo kitambaa cha kaptura kinashonwa suruali kila siku na mteja anaondoka anashukuru.

Wengine hata hivyo vitano hawamalizi. Mama mwenye nyumba wetu ana kopo la Blue Band chumbani, humo kuna mabaki ya dozi za ukoo mzima: Septrini ya marehemu mkwe, doksi ya kijana aliyehamia Jinja, na vingine vyeupe ambavyo yeye mwenyewe anaviita "vya tumbo". Mpangaji akikohoa tu, kopo linatikiswa. Kukataa ni utovu wa adabu, na kodi ya mwezi hujalipa.

Kuku wake ndio wanaopata dozi kamili. Hao huwekewa dawa ya tetra kwenye maji asubuhi na jioni bila kukosa, kwa sababu kuku ni mtaji. Mimi mpangaji nikiumwa napewa mbili kutoka kwenye kopo.

Mafua ndiyo yananichekesha kuliko yote. Mafua ni virusi, na amoksilini na virusi hawajuani hata kwa salamu. Mafua yangeondoka yenyewe baada ya wiki. Ila mtu akimeza vile vitano vya rangi mbili, wiki ikiisha, sifa zote wanapewa vidonge. Atamwambia dada yake, dada atamwambia shemeji, na wiki ijayo mkasi wangu una kazi.

Halafu taifodi. Banange, taifodi! Sijui nchi nyingine wanaishije bila taifodi. Hapa ukichoka ni taifodi, ukikonda ni taifodi, ukishindwa kulipa deni ni taifodi imekushika miguu. Unatobolewa kidole, unapimwa Widal, kipimo cha tangu mwaka 1896, na jibu linatoka: unayo, tena na malaria juu yake. Binti yangu anasema kipimo hicho kinatafuta askari ambao mwili uliwatuma vitani, na askari hao hubaki kambini muda mrefu baada ya vita kwisha, na mara nyingine walitumwa kupigana na adui mwingine kabisa. Basi ukipimwa leo unayo, mwezi ujao unayo. Kuna mwendesha boda stendi yetu ukimuuliza habari za asubuhi anajibu, "Taifodi tu, fundi."

Madereva wa malori nao wana ugonjwa wao. Dereva anashuka, tumbo mbele, anatazama kushoto na kulia, ananiona, anajifanya hanioni. "Kuna siproflo? Si yangu, ni ya utingo." Utingo mwenyewe yuko juu ya lori anakula chapati na maharage, mzima kama alivyozaliwa, hajui kwamba tayari ana kisonono mbele ya mji mzima. Na kisonono chenyewe kimeizoea siproflo siku nyingi, hata miongozo ya matibabu ikaihama ikaenda kwa dawa nyingine. Dereva hana habari. Anameza, anavuka mpaka, anaendelea kusambaza bidhaa.

Lakini nisiwe mtu wa kucheka tu. Kituo cha afya cha serikali kipo, na matibabu ni bure tangu mwaka 2001. Bure hiyo inaanza saa kumi na mbili asubuhi kwenye benchi. Dawa zinaletwa kutoka bohari kuu ya taifa, kila baada ya miezi miwili hivi. Wiki ile dawa zinapofika, kata nzima inaumwa; hata waliokuwa wazima wanakwenda kuchukua akiba ya kopo. Zikiisha, muuguzi, ambaye hana kosa, anakuandikia karatasi ukanunue nje. Umeacha kazi ya siku, umelipa boda, umekaa mpaka saa nane, umepata karatasi.

Unadhani ukifika na karatasi barazani kwangu mambo yanabadilika? Karatasi inasema kumi na tano. Mfuko unasema elfu moja. Binti anatoa kichwa: "Fundi, niazime mkasi." Mtu wa magunia kapoteza siku nzima kwa daktari ili anunue vidonge vile vile vitano. Kesho hatakwenda kwa daktari, na mimi sina ujasiri wa kumwita mjinga.

Binti yangu akija likizo ananisomea madaftari yake, nadhani ananitisha makusudi. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini London mwaka 1928, alipokwenda kuchukua tuzo ya Nobel mwaka 1945 hakushangilia tu. Alisema siku itafika dawa hii itauzwa madukani kwa yeyote. Akatoa mfano wa bwana mmoja anayeumwa koo, anajinunulia penisilini, anakula kidogo, vijidudu havifi bali vinajifunza kupambana nayo. Anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anapewa penisilini, haifanyi kazi, mke anakufa. Mzungu yule hakuketi barazani kwangu hata siku moja, lakini mteja huyo namjua, hupita hapa Jumanne! Watafiti wamekadiria kwamba mwaka 2019 pekee watu milioni 1.27 duniani waliuawa na vijidudu vilivyoshinda dawa. Nilimwambia binti yangu habari kama hizo asinisomee usiku.

Sheria ipo, tena nzuri. Dawa hizi zinataka karatasi ya daktari, na maduka madogo kama hili yameruhusiwa kuuza zile zisizohitaji karatasi tu. Kwa heshima ya sheria, amoksilini inakaa chini ya kaunta, kando ya posho na mukene, yaani ugali na dagaa, wa musawo. Wakaguzi wa Mamlaka ya Taifa ya Dawa wakionekana Bugiri, simu zinaanza kulia Busia. Kabla gari lao halijafika Busitema, mtaa mzima umefiwa: maduka yote ya dawa yamefungwa, wenyewe wamekwenda mazishini, maiti hatumjui.

Wiki iliyopita walikuja. Binti akashusha mlango wa bati, akaniachia ufunguo wa choo, akatoweka. Nikasema leo angalau mkasi wangu utapumzika. Haikupita nusu saa, mwanamke mmoja akasimama mbele ya cherehani na mtoto mgongoni.

"Fundi, musawo yuko wapi?"

"Mazishini."

"Basi nipe wewe. Zile nyekundu na njano, za elfu moja."

"Mama, mimi nashona nguo. Mpeleke mtoto kituoni."

"Nimetoka huko. Wamesema ni mafua tu, hawakunipa kitu." Akanitazama kuanzia kofia mpaka kanyagio la cherehani. "Miaka yote umekaa mlangoni kwa musawo na hujajifunza chochote?"

Akavuka barabara kwenda kwa muuza chapati. Muuza chapati akapangusa mikono, akafungua droo ya unga, akamuuliza anataka za rangi gani.