Mataji Makubwa Siyo Mizani ya Kila Kitu!

Ukiuliza nani mfalme wa pool, jibu ni lile lile: "Ana mataji mangapi makubwa?" Basi mjadala umeisha? Tuzime taa tukalale?

Haya, tuhesabu. Willie Mosconi alibeba ubingwa wa dunia mara 15 kati ya 1941 na 1957, lakini katika mchezo wa kutaja mpira na shimo. Ubingwa wa dunia wa mipira 9, aina nyingine ya pool, ulianza 1990. Utawapimaje kwa rula moja?

Earl Strickland ana ubingwa huo mara 3, Efren Reyes mara moja tu, 1999. Kwa hiyo Efren ni theluthi ya Earl? Jamani! Mwaka 1996, Hong Kong, walikutana wawili hao, mshindi ni wa kwanza kufika gemu 120. Efren akashinda 120 kwa 117. Gemu 237! Hapo bahati inajificha wapi? Lakini kwenye hesabu ya mataji makubwa, sifuri.

Mechi fupi ya wa kwanza kufika gemu 9 je? Unafungua vizuri, mpira mweupe unagongwa pembeni, unazama shimoni. Mwenzako anaweka mpira mweupe apendapo, anasafisha meza. Makosa mawili ya namna hiyo, umeaga mashindano.

Na Shane Van Boening? Alikuwa na mataji 5 ya US Open, mashindano ya wazi ya Marekani ya mipira 9, kabla ya ubingwa wake wa dunia wa 2022. Mwaka 2021 alikuwa hajui kushika fimbo?