Hela ya deikea: apewe mama au apewe anayelea?

Ikija mada ya kuwasaidia wamama wa kipato cha chini kulipia deikea, yaani malezi ya watoto mama akiwa kazini, watu wanagawanyika fasta, hawa wanasema mtoto ni wako lea mwenyewe, wale wanasema serikali imwage hela kama wenzetu Marekani tumalize. Mi naona wote wanaruka swali lenyewe, hiyo hela ipite mkono wa nani, maana hapo ndo msaada unafika ama unaishia njiani.

Kwanza tuangalie kilichopo hapa Tanzania. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya siku 84, akijifungua zaidi ya mtoto mmoja siku 100, na baba siku 3 (za kununua supu na kupokea wageni labda). Akirudi kazini ana masaa 2 kwa siku ya kunyonyesha. Huko mbele serikali inampokea mtoto darasa la awali akiwa na kama miaka 5, ada ilishafutwa tangu 2016, ila kale ka darasa kenyewe ni masaa machache, kabla ya mchana mtoto keshakuwa nyumbani. Sasa kati ya siku 84 na miaka 5 mtoto yuko kwa nani? Na hapo naongelea mwenye mkataba. Mama anayeuza nyanya Ilula au ndizi Tukuyu hana siku 84 wala hana wa kumuomba ruhusa, na mchuma chai Mufindi au Rungwe anayelipwa kwa kilo ukimwambia ana masaa mawili ya kunyonyesha anakuangalia tu, maana kwake masaa mawili ni kilo ambazo mwenzie kazichuma.

Hapo katikati ndo watu wanajiongeza. Wengine wanabeba mgongoni, nenda masoko ya Mwanjelwa au SIDO huku Mbeya alfajiri mzigo unaposhuka, mwezi wa sita na baridi yetu ile, utawaona watoto wamefungwa khanga juu ya sweta juu ya blanketi. Wengine wanamwachia mtoto wa darasa la tatu amwangalie mdogo wake. Wengine wanampeleka kwa mama fulani mtaani, nyumba ya vyumba viwili, watoto kumi na kitu, uji asubuhi, unalipa kwa siku. Hiyo ndo deikea ya watu wengi, haina kibao na haina cheti ila ndo inayofanya masoko yetu yafunguke.

Wanaosema familia ilee wana hoja, sitaki kuwabeza. Bibi anamjua mtoto, hatakaa amtoze mtu hela, na mtoto anakua anajua lugha na ndugu zake. Shida ni kwamba huku kwetu Nyanda za Juu Kusini hoja hiyo imechoka zaidi kuliko sehemu nyingine. Njombe na Iringa ndo zinaongoza nchi kwa maambukizi ya VVU, Mbeya nayo ipo juu, na kabla dawa hazijaenea tulizika wazazi wengi sana, kwaiyo bibi unayetaka umpelekee mjukuu unakuta keshalea wajukuu yatima na mgongo umekwisha, au bado analima mwenyewe. Na dada wa kazi? Kichekesho ni kwamba Iringa ndo sifa yake miaka yote kupeleka mabinti Dar wakalee watoto wa watu, alafu mama wa Ipogolo anayepika mama ntilie hana uwezo wa kumlipa hata mmoja abaki. Malezi ya bei rahisi yapo ila yameshapanda basi kushuka mlima Kitonga kuelekea Dar.

Alafu kuna hii namba ambayo inanikera. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha udumavu kwa watoto chini ya miaka 5 Iringa ni karibu asilimia 57 na Njombe karibu 50, wakati taifa zima ni 30. Mikoa ya mahindi, viazi, maziwa, maparachichi. Chakula kipo, sasa nani anamlisha mtoto saa nne asubuhi na saa nane mchana? Mama yuko shamba au sokoni, mtoto ameachiwa kiporo cha ugali na kaka yake wa miaka tisa. Sisemi deikea ndo dawa ya udumavu, kuna mambo ya maji, vyoo na aina ya chakula, ila mtu anayesema malezi ni jambo la ndani ya nyumba serikali haihusiki aniambie kwanza hiyo 57 inatibiwaje bila mtu mzima kuwepo mchana.

Haya, tuseme tumekubaliana msaada uwepo. Upande wa kwanza unasema mpe mama hela mkononi, yeye ndo anajua kama atampa bibi, jirani, au deikea. Naipenda hoja hii kwa sababu inamheshimu mama, na kwa sababu masaa ya sokoni hayafanani na masaa ya deikea, kituo kinafungua saa moja na nusu wakati yeye alitoka saa kumi na moja. Pia kuna ushahidi jirani, Korogocho Nairobi watafiti waliwapa wamama vocha za kulipia kituo cha watoto na waliopewa walikuwa na uwezekano wa kuwa na kazi zaidi kwa pointi za asilimia kama 8.5 kuliko wasiopewa, na wamama wanaolea peke yao walihamia kwenye kazi zenye masaa ya kueleweka bila kipato kushuka. Sio kitu kidogo hicho.

Ila angalia vizuri, ile ilikuwa vocha ya kituo, sio cash. Na sisi mfumo wetu wa cash tunao tayari, TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, na umetengenezwa kwa kaya maskini kabisa, masharti yake ni mtoto aende kliniki na shule. Mama wa genge Mafiati mwenye kamtaji ka laki moja na nusu hana nafasi kwenye ile orodha, mkutano wa mtaa utasema huyu anafanya biashara. Hapo ndo yeye anapopigwa, tajiri sana kwa TASAF na maskini sana kwa deikea ya mabasi ya njano. Piga hesabu ya mfano tu, faida elfu 5 kwa siku, anayelea anataka buku (elfu moja) kwa kila mtoto, ana wawili, elfu 2 kati ya 5 imeenda kabla ya unga na kodi. Na elfu kumi ya ziada ikitua kwenye simu yake siku ya marejesho ya kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, sidhani kama kuna haja ya kubishana inaenda wapi, na sio uzembe, ni deni linagonga mlango.

Hao Marekani wenyewe tunaowatolea mfano hawagawi cash kiholela, serikali kuu inazipa majimbo hela, mzazi anapewa kitu kama vocha, kituo kinalipwa na mzazi anachangia kidogo. Na bado wenye sifa wanaopata ni sehemu ndogo, foleni ndefu, na mshahara ukipanda kidogo mtu anaweza kutolewa kwenye msaada akajikuta pabaya kuliko mwanzo. Kwaiyo tusiige na ile foleni.

Mimi naegemea upande wa pili, hela imfuate anayelea. Sio kujenga majengo, tuna majengo mengi yenye mawe ya msingi na nyasi. Nasema yule mama wa nyumba ya vyumba viwili. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, ikasimamishwa 2023 ikarudi 2024. Vikundi vinachukua kwa ajili ya kuku, sabuni, bodaboda. Ni vikundi vingapi umeshasikia vimechukua kwa ajili ya kulea watoto? Na sababu inaeleweka, kulea hakuna faida ya kurudisha mkopo, ukipandisha bei wateja wako ndo haohao wa genge, hawana. Kwaiyo mkopo hata usio na riba hapa ni chombo kibovu, inatakiwa ruzuku ndogo ya uji, magodoro, choo na posho, na mama wa sokoni achangie jero (mia tano) badala ya buku.

Ubaya wa njia hii upo na ni mkubwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 na kanuni zake zinataka kituo kisajiliwe kupitia ustawi wa jamii, na vigezo vya nafasi, vyoo na sifa za walezi ni vya maana kabisa, hakuna anayetaka watoto kumi na tano walale chumba chenye jiko la mkaa. Lakini ukisema ruzuku ni kwa waliosajiliwa tu, itaenda Forest na Uzunguni kwa wale ambao wateja wao wana magari. Ukisema apewe yeyote, kesho kila nyumba ina watoto hewa. Programu ya taifa ile MMMAM (Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto) iliyozinduliwa Disemba 2021 imeongea sana kuhusu vituo vya kijamii, na ni sawa, ila kituo cha kijamii kijijini ambako watu wanachangia mahindi ni tofauti na Mwanjelwa ambako mchango ni hela na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita.

Kabla ya kugawa hata shilingi ningeomba daraja dogo la usajili, mlezi wa nyumbani, watoto wasiozidi sita au saba, afisa ustawi aje aone jiko, choo na mlango, amwandike, na mwenyekiti wa mtaa pamoja na wamama wenyewe wathibitishe kila mwezi nani kalelewa. Maafisa ustawi ni wachache na wamezidiwa, najua, na hiyo ndo hela ya kwanza inapotakiwa kwenda, nauli na mafuta ya pikipiki ya huyo afisa, hata kabla ya uji.