Biashara ya mboji huanzia langoni

Huu ni mwaka wangu wa 9 Ujerumani, na muda mwingi wa miaka hiyo nimefanya kazi katika kiwanda cha mboji, kazi ambayo ndugu zangu bado wanaitania kuwa ni ya jaani. Kila nirudipo likizo huulizwa swali lilelile: ikiwa wenzetu wanapata fedha kwa maganda na majani makavu, sisi ambao takataka zimetuzunguka tumeshindwa nini? Jibu langu huwaudhi wengi, kwa sababu huwaambia kwamba kiwanda chetu hakiishi kwa kuuza mboji.

Fedha huingia langoni. Lori hupimwa kwenye mizani likiwa limejaa, hupimwa tena likitoka tupu, na mwenye taka, ambaye kiwandani kwetu ni halmashauri, hulipa kwa kila tani aliyoiacha. Mboji itakayopatikana miezi kadhaa baadaye, rundo likiwa limepungua kwa karibu nusu, huuzwa kwa wakulima kwa bei ndogo tu, na mwenye kiwanda halalamiki, kwa kuwa gharama zake nyingi zilikwisha kulipwa siku taka ilipoingia. Nyumbani mambo ni kinyume kabisa. Mzalishaji hununua samadi, hulipia usafiri wa taka, huwalipa vijana wa kuzichambua, kisha hutarajiwa kurudisha fedha zote hizo kwa gunia ambalo mkulima atalilinganisha na mfuko wa mbolea ya viwandani. Kwa hesabu hiyo sishangai nikisikia mradi umekufa baada ya mfadhili kuondoka.

Ulinganisho huo wenyewe una kasoro. Urea, ambayo ni mbolea ya viwandani, ina asilimia 46 ya naitrojeni, kirutubisho cha mimea, ilhali mboji kavu huwa na asilimia 1 hadi 2, tena sehemu kubwa yake haitoki msimu wa kwanza. Anayeinunua kwa ajili ya naitrojeni peke yake atajiona ametapeliwa. Kazi yake kubwa ni nyingine: hulisha bakteria, kuvu na nyungunyungu, ambao utelezi na nyuzi zao hugandisha chembe za udongo kuwa vidonge vyenye nafasi katikati, hivyo maji ya mvua yakazama badala ya kutiririka na udongo. Kichanga hushika unyevu kwa muda mrefu zaidi, mfinyanzi hulegea mizizi ikapita, na hata ile mbolea ya viwandani haioshwi upesi. Mimi siwaungi mkono wanaozigombanisha mbolea hizi mbili, kwa maana shamba lenye mboji huitumia vizuri zaidi mbolea ya chumvichumvi. Jambo moja tu linatutofautisha na huku kwenye baridi: joto linalotuivishia mboji haraka ndilo linaloila haraka ikishafika shambani, kwa hiyo sisi tunaihitaji mara kwa mara kuliko wao.

Malighafi hatukosi. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba katika nchi za kipato cha chini zaidi ya nusu ya taka ni mabaki ya chakula na mimea, wakati katika nchi tajiri ni takriban theluthi. Tatizo ni kwamba hadi zifike dampo zimekwisha kuchanganyika na chupa zilizovunjika na betri, na hakuna chekeche litakalokitoa kigae cha kioo chenye ukubwa wa punje. Ujerumani sheria imetaka taka zinazooza zikusanywe peke yake tangu Januari 1, 2015, na bado msimu mzima wa baridi nimesimama kando ya mkanda unaopitisha taka nikiokota mifuko ya plastiki ya watu wanaosifiwa duniani kote kwa utaratibu. Kwa hiyo sidhani tungoje kila kaya ibadilike. Tungeanza na masoko, machinjio na viwanda vya kusindika matunda, ambako taka hutoka zikiwa safi na mwenyewe tayari analipia kuondolewa kwake.

Hilo halimwondolei mzalishaji wajibu wake. Mwaka juzi nilimnunulia mama magunia kadhaa, nikatia mkono katika la kwanza na kukuta lina moto, na harufu ya amonia ikanipanda puani. Yule muuzaji alikuwa ameuza rundo ambalo halijaiva. Miche ya mama iligeuka manjano ndani ya wiki mbili, na majirani waliokuwa wakitazama juu ya ua wakahitimisha kwamba mboji ni sumu. Kazini kwetu tuta la taka zinazooza halihamishwi mpaka lidumu kwenye nyuzijoto 55 au zaidi kwa wiki mbili, ili mbegu za magugu na vimelea vife. Baada ya hapo hupoa na kukomaa kwa wiki nyingi, likinyunyiziwa maji pale ambapo konzi ya mboji ikikamuliwa haitoi hata tone.

Mdogo wangu sasa anataka kuingia katika biashara hii, na ameniomba nimtafutie mashine ya kuchekecha iliyotumika. Nimemtumia kipimajoto cha fimbo chenye urefu wa mita moja, nikamwambia habari ya mashine tutaizungumza siku atakaponionyesha mkataba wa kulipwa kwa kuchukua taka za soko.