Afadhali Filamu ya Gollum Imechelewa

Mei 2024, studio ya Warner Bros. walipotangaza kwamba wanarudi kwenye ulimwengu wa mwandishi Tolkien na The Lord of the Rings: The Hunt for Gollum, walitaja mwaka 2026. Baadaye wakaisogeza hadi Desemba 2027. Mashabiki wengi walinung'unika. Mimi nilishusha pumzi.

Kilichoshangiliwa zaidi tangu mwanzo ni majina. Peter Jackson, Fran Walsh na Philippa Boyens ndio watayarishaji. Walsh na Boyens wanashiriki pia kuandika muswada, na Andy Serkis, aliyemwigiza kiumbe Gollum tangu zamani, anaongoza. Timu iliyotengeneza filamu tatu za The Lord of the Rings imerudi, watu wakasema, basi tusiwe na shaka. Hapo sikubaliani nao, kwa sababu timu hii ilishawahi kurudi na tuliona kilichotokea.

Ilirudi kwa ajili ya The Hobbit, filamu tatu za 2012 hadi 2014. Karibu wote walikuwepo: waandishi walewale watatu, Howard Shore kwenye muziki, Andrew Lesnie kwenye kamera, Alan Lee na John Howe kwenye michoro. Kipaji kilikuwa palepale, ila muda haukuwepo. Guillermo del Toro, ambaye ndiye angeongoza, alijitoa mwaka 2010 baada ya mradi kukwama mara kwa mara huku studio ya MGM ikihangaika na madeni. Jackson akabebeshwa mzigo wa kuongoza, na Machi 2011 upigaji picha ukaanza. Katikati ya 2012 tukaambiwa filamu mbili sasa ni tatu, zote kutoka kwenye kitabu kimoja cha watoto! Jackson mwenyewe amekiri, kwenye video za nyuma ya pazia, kwamba alianza kupiga picha bila maandalizi ya kutosha, na kwamba vita kuu ya mwisho ilibidi isogezwe hadi 2013 ili apate nafasi ya kuifikiria. Ukiitazama vita ile ukilijua hilo, utaelewa kwa nini inarefuka na kurefuka bila kugusa moyo.

Kazi ya kwanza, ile ya The Lord of the Rings, haikwenda hivyo. Jackson aliishughulikia tangu 1997, na kamera hazikuwashwa mpaka Oktoba 1999. Katika muda huo wote watu hawakukaa bure. Kijiji cha Hobbiton, kwenye shamba la kondoo karibu na Matamata, New Zealand, kilipandwa mboga na maua karibu mwaka mzima kabla ya waigizaji kufika, ili bustani zionekane zina wenyewe. Mafundi wa Weta, karakana ya vifaa vya filamu, waliunganisha kwa mikono vipete vya plastiki, mamilioni kwa mamilioni, wakitengeneza deraya za askari ambao wengine tunawaona kwa sekunde mbili tu. Ni kazi ya kichaa, ukiniuliza, lakini ndiyo iliyofanya filamu ya tatu ibebe Oscar 11 mwaka 2004, yaani kila tuzo iliyoteuliwa kuwania.

Kwa hiyo nikisikia nani amerudi, swali langu ni moja: wamepewa muda gani?

Serkis kama mwongozaji hanitishi. Aliajiriwa mwanzoni kwa ajili ya sauti tu ya Gollum, akaigiza kwa mwili mzima hadi waliomwajiri wakabadili mipango yao. Kwenye The Hobbit aliongoza kikosi cha pili cha upigaji picha, kwa hiyo anajua mradi wa aina hii ukikimbizwa unakuwaje.

Kinachonitia hofu ni hadithi yenyewe. Kwenye kitabu cha The Lord of the Rings, msako wa Gollum unasimuliwa kwa kupita tu. Mchawi Gandalf anamweleza Frodo, shujaa wa hadithi, jinsi walivyohangaika kumtafuta, na mpiganaji Aragorn anaeleza jinsi alivyomnasa kwenye Mabwawa ya Wafu, akang'atwa, kisha akamburuta safari ndefu hadi kwa jamii ya Elves kwenye msitu wa Mirkwood. Ni mambo ya kurasa chache. Yanaweza kuzaa filamu nzuri, ya watu wachache, yenye giza na ukaribu, mwindaji na mwindwa wakichoshana. Au yanaweza kujazwa majeshi, mazimwi na sura za zamani zinazopita kutupungia mkono, kwa sababu tu studio inataka kishindo.

Muda walioongezewa wautumie kwenye muswada, na waupunguze badala ya kuurefusha. Siku nitakayosikia filamu hii moja imegawanywa kuwa mbili, nitaacha kuisubiri.