Do ya Katikati Ilipogeuka Bongo

Kwaya waliingia saa mbili kamili asubuhi, watu tisa, wamevaa sare utadhani tunapiga video. Mimi nilikuwa nimewaambia saa tatu. Nikaenda kuwafungulia geti na mswaki mdomoni, Mwalimu wa kwaya akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Prodyuza, umeamka salama?" Sijui alikuwa anasalimia au anauliza kweli.

Studio yangu ni chumba cha uani nyumbani kwa Mama, Tabata. Ukutani nimebandika trei za mayai. Watu tisa hawaenei humo, kwa hiyo wale wawili wa besi walisimama mlangoni, mgongo juani, uso ndani. Wimbo wenyewe ulikuwa wa maombolezo. Waliutunga kwa ajili ya mzee wao wa kanisa aliyefariki mwaka jana, na Jumapili ile kulikuwa na ibada ya kumkumbuka. Siku hiyo ni Alhamisi. Halafu mjane wa marehemu alikuwemo humo humo, anaimba sauti ya kwanza, amekaa kwenye kiti changu kizuri. Mimi nimekalia ndoo.

Mwalimu akakaa kwenye kinanda. Ni kinanda cha MIDI, funguo 49, hakina sauti hata moja ya kwake. Kazi yake ni kuiambia kompyuta: huyu bwana amebonyeza ufunguo fulani, kwa nguvu kiasi fulani kati ya 1 na 127, sasa ameuachia. Sauti inatoka kwenye kompyuta. Na kwa vile piano yangu nzuri inakula memori mpaka mashine inaganda, siku hiyo nilikuwa natumia zile sauti za kawaida zinazokuja na kompyuta. Nilikuwa nimejaribu jioni ya jana yake, piano ilitoka safi kabisa.

Mwalimu akafumba macho. Mjane akainamisha kichwa. Mkono wa kushoto ukashuka kwenye do ya chini, wa kulia ukakamata do-mi-so.

Du! Pa-ka-keng!

Kimya. Mmoja wa besi kule mlangoni akakohoa. Mwalimu akafumbua jicho moja, akarudia taratibu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya watu. Du! Pa-ka-keng.

"Prodyuza," akasema, "hii ni piano?"

Nikamwambia samahani Mwalimu, dakika moja tu. Hiyo dakika moja ilikula saa moja na nusu. Nikachomoa waya, nikauchomeka tundu jingine: konga, ile ngoma ndefu ya kupigwa kwa mikono. Nikazima kompyuta, nikawasha, tukasubiri wote tukiangalia kile kiduara kinachozunguka: konga. Nikaingia kwenye programu nikachagua vayolini: konga. Kinubi: konga. Nikachagua sauti inayoitwa "kwaya", nikabonyeza, ikatoka ile sahani ya ngoma, kshhhh, na mama mmoja wa sauti ya pili akasema, "Hiyo ndiyo sisi?"

Ushauri ukaanza. Wa kwanza akasema ni virusi. Wa pili akasema kinanda cha mpwa wake kilifanya hivyo hivyo, kikapigwa makofi kwa chini kikapona. Wa tatu, mzee mtulivu wa tena, ile sauti ya tatu, akauliza kama chumba hiki kilishawahi kutumiwa na watu wa singeli. Nikasema ndiyo, wiki iliyopita. Akaitikia kwa kichwa taratibu, hakuongeza neno, lakini baada ya hapo aliacha kuegemea ukuta wangu.

Nikaona hapa naumbuka. Ndipo nikakumbuka kitu ambacho ni kweli kabisa, ingawa kwa jinsi nilivyokisema kilisikika kama utapeli. "Mwalimu, MIDI hairekodi sauti. Inarekodi vidole vyako tu. Wewe piga hivyo hivyo, mimi nitabadilisha sauti baadaye."

"Nipige maombolezo kwa konga?"

"Sikia piano kichwani, Mwalimu."

Na huyu mzee, Mungu ambariki, akapiga. Nikawasha kitufe chekundu, akafumba macho akaushika wimbo wote, beti tatu na kiitikio, uso umejaa huzuni, huku chini yake kuna vurugu. Fa ikawa timbali, ngoma nyingine. La ya chini ikawa sahani. Kila alipopita kwenye do ya katikati ilitoka ngoma ndogo ya bongo, tak. Kwaya wakajitahidi kufuatisha kwa kuimba chini chini, lakini mabega yao yalishaanza kumsaliti marehemu. Yule mama wa sauti ya pili alikuwa anachezesha goti.

Sasa wimbo ule mwisho wake unapanda. La, ti, halafu do ya juu, inashikiliwa muda mrefu roho ikiondoka. Mwalimu akapanda nayo. Ti: prii! Do: priiiiiiiii!

Filimbi. Fupi, halafu ndefu. Mpira umekwisha.

Hakuna aliyethubutu kumwangalia mjane. Mimi niliangalia ndoo. Kisha nikasikia kitu kama kikohozi, nikageuka, nikamkuta ameziba mdomo kwa leso na machozi yanamtoka. "Huyo ndiye mwenyewe," akasema alipopata pumzi. "Jumamosi humkuti nyumbani, yuko uwanjani. Mngemzika na filimbi." Chumba kizima kikaangua kicheko, hata mzee wa tena, ambaye alilazimika kuegemea ukuta.

Katikati ya kicheko hicho Mama akaingia na birika la chai na sahani ya chapati. Akauliza kulikoni. Nikamwambia kinanda kimeharibika, Mama, kinatoa ngoma.

"Kimeharibikaje? Jana usiku nimekipangusa vizuri kabisa."

Nikageuka polepole. "Umekipangusaje?"

"Kwa kitambaa. Kilikuwa na vumbi hicho, aibu kwa wageni. Nikagusa hapa kikawaka taa, nikapangusa mpaka mwisho, taa ikazima." Akaonyesha kwa kidole kile kitufe kidogo pembeni ambacho mimi nina miaka miwili sijakigusa.

Kumbe ukikibonyeza hicho, funguo zinaacha kuwa funguo za muziki na kila mmoja unakuwa swichi ya mpangilio. Juu yake kuna maandishi madogo ya kuchosha macho, chaneli 1 mpaka 16, yaani njia za kupeleka ujumbe kwenye kompyuta. Kitambaa cha Mama kilipita kote, na katika kupita kwake kikaacha kinanda kwenye chaneli ya 10. Na tangu mwaka 1991, watengenezaji walipokubaliana orodha ya pamoja ya sauti, chaneli ya 10 ni ya ngoma peke yake. Uchague piano, uchague malaika, humo utapata ngoma tu. Kila ufunguo una namba yake: do ya katikati ni namba 60, na namba 60 kwenye orodha ile ya ngoma ni bongo. Walioandika hawakuwa na habari na Dar es Salaam, lakini ndivyo ilivyo. Filimbi ni 71 na 72.

Nikaingia kwenye ile rekodi ya Mwalimu, nikabadilisha chaneli kutoka 10 kuwa 1, nikabonyeza pleyi. Piano. Vidole vile vile, makosa yake mawili yale yale, piano tupu. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho, chapati mkononi, akasema, "Kwa hiyo kweli niliipiga vizuri."

Vokali tulimaliza saa kumi jioni. Walinilipa saa zote isipokuwa ile moja na nusu, na sikubisha.

Usiku nikamwomba Mama, kwa heshima zote, asikiguse tena kinanda changu. Akasema sawa mwanangu, basi vumbi utafuta mwenyewe. Leo ni wiki ya tatu. Vumbi lipo, na funguo mbili zimeanza kukwama.